Uma 11 zenye nyoka aliyejifunga fundo: ni fedha kweli? Na mwenyewe alikuwa nani?

BintiPangani (Leeds), Jumapili saa 2 usiku

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa yeyote anayejua vyombo vya fedha vya zamani vya Kiingereza, maana hapa nilipo nimechanganyikiwa.

Leo asubuhi nilikwenda gulioni, lile la Jumapili ambalo watu wanapanga magari uwanjani, wanafungua buti na kuuza vya majumbani mwao. Huwa naenda kutafuta masufuria na nguo za watoto. Kulikuwa na baba mmoja ana sanduku la mbao, bawaba zimevunjika, ndani kitambaa cha kijani kimeliwa na nondo. Alitaka pauni 20, nikamwambia 12, tukaishia 14. Nililopenda ni sanduku lenyewe, niweke nyuzi zangu. Nimefika nyumbani nikamwaga vilivyomo juu ya meza.

Uma 11 kubwa, nzito karibu mara mbili ya uma zangu za kila siku, nyeusi kama zimetundikwa juu ya mafiga. Visu 6 vyenye mipini ya rangi ya maziwa, makali yameshika kutu. Na birika la chai lenye mdomo mrefu.

Kwenye kila uma, pale mpini unapopanuka mwishoni, pamechorwa nyoka aliyejifunga fundo. Ni mdogo, hazidi ukucha wa kidole cha mwisho, lakini ukimsogeza karibu unaona mpaka jicho. Chini yake kuna kitu kama kifimbo chenye mistari ya mshazari. Nyuma ya mpini kuna alama ndogo tano zimegongwa kwa mstari.

Mchana nikapita duka moja linalonunua dhahabu na fedha. Kijana hakuzitazama hata dakika. Akazimwaga kwenye mizani kama dagaa: "Pauni 180 zote, tunayeyusha." Nikamuuliza, na huyu nyoka? Akasema nyoka hana bei. Nikazikusanya nikaondoka.

Sasa naomba kujua kama hii ni fedha mpaka ndani au ni ya kuchovya, yaani fedha juu tu, na nyoka ni wa nani. Mume wangu anasema tukachukue hiyo 180 kabla jamaa hajabadili mawazo. Uma mmoja nimeshausugua kwa jivu na ndimu kama tulivyokuwa tunasugua masinia ya bibi. Umeng'aa kweli. Halafu palipokuwa pagumu nikamalizia na ile waya ya kusugulia sufuria.

Kipusa_Mbagala, Jumapili saa 2:20 usiku

Dada umeula! Nimeperuzi sasa hivi: nyoka aliyejifunga fundo ni alama ya ukoo wa Cavendish, ndio Maduke wa Devonshire, wenye lile jumba la Chatsworth kule Derbyshire. Kutoka Leeds hapo ni pua na mdomo! Kuna mtumishi zamani alijibebea, vimezunguka vimekufikia wewe. Usiuze. Mpigie Duke mwenyewe umwambie uma zako ninazo, njoo na kahawa.

BabuWaMnadani (London), Jumapili saa 4 usiku

Mwanangu, kwanza weka chini hiyo waya. Ndimu nayo iache ifanye kazi yake kwenye samaki.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kuze. Nimefanya kazi miaka 19 kwenye nyumba moja ya mnada huku London, upande wa fedha. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kufuta na kunyanyua juu ili wanunuzi waone. Wataalamu walikuwa wengine, wenye tai. Lakini ukifuta kitu kwa miaka 19 kinaanza kukuambia habari zake. Nitakueleza ninayoyajua.

Weusi usikutishe. Fedha huwa nyeusi kwa salfa ya hewani, na yai ndilo adui mkubwa zaidi. Ndiyo maana vijiko vya mayai vya wakubwa vilipakwa dhahabu kwenye bakuli lake. Chumvi nayo haiishii kwenye weusi, inakula mpaka inatoboa, na kwa hiyo vile vibakuli vyao vya chumvi vina kikombe cha kioo cha buluu ndani. Wewe osha uma zako kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha papo hapo, halafu nunua dawa ya kung'arishia fedha na kitambaa laini. Polepole. Ndani ya mistari ya yule nyoka usichokonoe. Ule weusi uliotulia mle ndio unaomfanya aonekane.

Twende kwenye mihuri. Tafuta kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea dawa, na taa ya pembeni. Unatafuta simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele juu. Huyo ndiye shahidi wako. Kuanzia 1544 amekuwa akigongwa kwenye fedha yenye sehemu 925 katika kila 1,000. Zinazobaki huwa shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini, uma ungepinda kwenye nyama. Simba akiwepo, kijana wa mizani hakukosea kwamba ni fedha, amekosea mengine. Halafu kuna alama ya mji. Kichwa cha chui ni London; nanga ni Birmingham, na taji ni Sheffield, miji hiyo miwili ilipata ofisi zake za kupimia mwaka 1773. Ngome ni Edinburgh. Ukiona kichwa cha mtu ni stakabadhi ya kodi: kuanzia Desemba 1784 serikali ilitoza kodi vyombo vya fedha mpaka ilipoifuta 1890, na kilicholipiwa kiligongwa uso wa mfalme au malkia aliyekuwa kitini. Herufi moja peke yake ni ya mwaka. Herufi mbili au nne zilizokaa pamoja ni za mwenye karakana.

Angalia mambo mawili ambayo watu huyaruka. Huyo chui ana taji kichwani au hana? Na huyo mtu wa kodi anatazama kulia au kushoto? Angalia uma zote 11, usiangalie mmoja ukaridhika.

Birika ligeuze chini. Ukikuta EPNS, basi ni la kuchovya kwa umeme. Jamaa wa Elkington wa Birmingham walichukua hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya mambo hayo 1840, na tangu hapo kila karani aliweza kuweka mezani kitu kinachong'aa kama cha lodi. Birika la namna hiyo halina pesa. Chai linamimina vizuri tu.

Sasa nyoka. Kipusa, umepatia nusu. Kweli nyoka wa fundo ni wa Cavendish. Ila lile tunaloliona kwenye uma sio nembo nzima ya ukoo, ni kishungi chake: kile kinyago kilichokaa juu ya kofia ya chuma ya mpiganaji, watu wamjue wa nani wakati uso umefunikwa. Nembo nzima, yenye ngao, inataka nafasi, kwa hiyo ilichorwa kwenye sinia na mabirika makubwa. Kwenye uma na kijiko panatosha kishungi tu. Na kishungi kimoja kinaweza kutumiwa na koo nyingi zisizojuana. Nusu simba aliyechomoza kuanzia kiunoni, nimebeba maboksi kwa maboksi yake, wa koo ambazo sina hesabu yake. Nyoka wa fundo ni adimu kuliko huyo, lakini hayupo peke yake.

Na hicho unachokiita kifimbo, mwanangu, ni ngata. Kweli kabisa. Ni kitambaa cha rangi mbili kilichosokotwa kikazungushwa juu ya kofia ili kishungi kikae, kama mama zetu walivyokunja ngata chini ya mtungi. Ukiitazama kutoka pembeni inaonekana kama kijiti chenye mishazari.

Angekuwa Duke mwenyewe, juu ya nyoka kungekuwa na taji. Haya mataji yana hesabu yake kwa kila cheo cha malodi, na wachongaji hawakuthubutu kuibahatisha. La Duke linaonyesha majani matano ya stroberi. Marquess majani matatu na vitufe viwili. Earl vitufe vitano vimesimama juu ya vijiti virefu, majani madogo katikati. Baroni ana vitufe vinne tu vimekaa juu ya ukingo, majani hana. Uliposema nyoka na kifimbo bila kitu kingine, nilijua hatuendi Chatsworth. Labda binamu. Labda mtu mwingine kabisa.

Ya 180 tutazungumza ukishapima uzito wake. Pima kwa gramu.

SonaraDarajani (Unguja), Jumatatu saa 1 asubuhi

Shikamoo Babu. Umesema kweli tupu. Mimi naongezea la visu, maana nimeona kila mtu amekimbilia nyoka.

Sisi ni masonara kwa baba na babu. Babu yangu alikuwa akiyeyusha riale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 hata kama zimefuliwa miaka mia baadaye, kutengeneza bangili na mikufu. Riale moja gramu 28, fedha yake 833 kwa 1,000. Alipokuwa anapata kijiko cha Kizungu chenye simba alikuwa anacheka, anasema hii imekuja na cheti chake mgongoni. Basi dada, usikubali mtu akudondoshee tindikali kwenye uma yenye simba. Hakuna cha kupima hapo, atakuachia doa tu.

Visu: tazama kitako cha mpini, pale chini kabisa, kwa jua la asubuhi. Ukiona mistari myembamba inakatana kama wavu wa dagaa, hiyo ni pembe ya ndovu. Ukiona vitundu vyeusi vidogo vidogo ni mfupa. Na mistari ikienda sambamba imenyooka mno kama ya daftari, ni plastiki ya kale iliyotengenezwa kuiga pembe.

Kama ni pembe, na makali yameandikwa Sheffield, basi huenda pembe hiyo ilikutangulia kutoka nyumbani. Karne ya 19 Sheffield walikuwa wakitumia pembe kwa tani kwa ajili ya mipini, na soko kubwa la pembe la Afrika Mashariki lilikuwa hapa Unguja. Zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi, zimeshuka bara kwa mabega ya wapagazi, Manyema, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo, halafu jahazi. Siwezi kuapa kwamba pembe ya hivyo visu vyako ilipita forodhani kwetu, pembe za Afrika Magharibi nazo zilifika Uingereza. Lakini mimi ningevishika kwa namna nyingine.

BabuWaMnadani, Jumatatu saa 3 asubuhi

Marahaba mwanangu, ahsante kwa kunikumbusha visu. BintiPangani, kama ni pembe usiviweke mtandaoni kuuza! Sheria ya pembe ya 2018 ilianza kazi Uingereza Juni 2022. Kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 kwa ujazo, mfano birika lenye vile vipete viwili vyeupe vya kuzuia joto kwenye mkono, unaweza kukisajili ukakiuza. Kisu chenye mpini mzima wa pembe hakipenyi hapo. Faini inaweza kufika pauni 250,000 au kifungo miaka 5. Kuwa navyo hakuna kosa, na kumpa mtoto wako hakuna kosa.

Mnyalukolo_halisi, Jumatatu saa 7 mchana

Samahanini wakubwa, mimi naona tunapapasa vyombo vya wanyonyaji kwa heshima kupita kiasi. Hao mamwinyi wa Kiingereza walipata wapi hizo fedha? Watu walikuwa wanakatwa viboko huko visiwa vya Karibi ili mtu ale samaki kwa uma wa nyoka. Dada chukua pesa yako, yeyusha, zikafanye kazi ya maana.

BabuWaMnadani, Jumatatu saa 11 jioni

Mnyalukolo sina ugomvi na wewe. Nikupe mfano uliopita mnadani kabla hatujazaliwa wote. William Beckford alirithi mashamba ya miwa ya Jamaica, pamoja na watu waliokuwa wakifanyishwa kazi humo kama watumwa, akawa kati ya matajiri wakubwa wa Uingereza. Alikuwa na wazimu wa vyombo: alibuni mwenyewe vya fedha iliyopakwa dhahabu, akavichorea alama za koo kubwa alizodai kuwa ni za wazee wake, maana pesa alikuwa nayo lakini ubwana wa kuzaliwa ulimpungukia. Mwaka 1822 madeni yakamlazimisha kuuza jumba lake la Fonthill. Binti yake Susan alikuwa ameolewa na Duke wa Hamilton, kwa hiyo vitu vya baba vikaingia kwenye kasri la Hamilton huko Uskoti. Mwaka 1882 nao wakazidiwa, mnada ukaenda siku 17, vikauzwa kwa karibu pauni 400,000. Kasri lenyewe lilibomolewa miaka ya 1920. Chini yake walikuwa wamechimba makaa ya mawe, ardhi ikawa inatitia.

Ndio mwendo wao huo. Nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani iliangusha kodi ya pango waliyolipwa na wakulima wa mashamba yao kuanzia miaka ya 1870. Sheria ya 1882 ikawafungulia njia ya kuuza mali za urithi zilizokuwa zimefungwa kwa vizazi. Mwaka 1894 ikaja kodi ya mirathi. Halafu vita vya 1914, baba amekufa, mrithi amekufa, kodi mara mbili. Vyombo vikashuka kutoka chumba cha fedha kwenda mnadani, na kutoka mnadani kwenda popote, mpaka kwenye buti la gari Leeds.

Ila la kuyeyusha nalikataa, na si kwa kuwapenda malodi. Wenyewe walikuwa wayeyushaji wakubwa kuliko huyo kijana wa mizani. Kwao sinia lilikuwa akiba ya benki yenye mikono. Mtindo ukipitwa, unampelekea mfua fedha, anapima, anakata gharama ya kazi, unarudi na mpya. Mwaka 1643 vyuo vya Oxford vilitoa vyombo vyao vikayeyushwa kuwa sarafu za kulipa askari wa Mfalme Charles I. Ufaransa mwaka 1689 Louis XIV alipeleka kuyeyusha mpaka meza za fedha za Versailles, agharimie vita. Na Januari 1980, bei ya fedha ilipofika karibu dola 50 kwa aunsi, watu walipanga foleni na mabirika ya miaka mia mbili kuyauza kwa uzito. Wazee wenzangu kazini walikuwa wakiisimulia hiyo kama watu wanavyosimulia mafuriko. Kila kilichobaki ni kwamba kuna mtu, mara nyingi mtumishi, alikitunza.

Maana hao watumishi ndio niliokuwa nikiwaona mimi kwenye vyombo. Geuza sahani ya fedha ya miaka ya 1700 utakuta pamekwaruzwa kwa sindano, mfano "No 12, 18=7". Hiyo ni sahani ya kumi na mbili, uzito aunsi 18 na pennyweight 7, na hizo pennyweight 20 ndizo aunsi moja. Mkuu wa watumishi alihesabu kila usiku, wengine walilala mlangoni mwa chumba cha fedha. Vijana wa chini yake walisugua kwa unga mwekundu na kidole gumba kitupu, siku baada ya siku, mpaka kidole kikachubuka, kikaota malengelenge, kikakomaa. Mng'ao huo wa ndani, wa buluu kidogo, mashine hautoi. Ukiuona ujue ni kidole cha mtu.

BintiPangani, Jumanne saa 3 usiku

Shikamoo Babu. Nimeazima kioo kwa mama mmoja jirani, nimekaa dirishani toka saa nane. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi.

Birika ni EPNS. Limeshaanza kazi, chai ya tangawizi.

Visu, wavu upo. Nimeviviringishia kitambaa nikaviweka juu ya kabati. Sijui kwa nini nilivishika kwa mikono miwili.

Uma: simba yupo kwenye zote. Chui yupo kwenye zote. Lakini ulivyosema nizitazame moja moja, ni kweli hazifanani! 8 zina chui mwenye taji, mwanamume anayetazama kulia, herufi M kubwa ya kawaida, na kisanduku chenye WE juu, WF chini. Zile 3 nyingine chui hana taji, kichwa ni cha mwanamke anatazama kushoto, herufi ni kama S ya mapambo, ya mikunjo, na kwenye kijisanduku GA. Kwa mbali huwezi kujua, umbo ni lile lile na nyoka ni yule yule.

Uzito wa zote gramu 770.

BabuWaMnadani, Jumanne saa 4:30 usiku

Ahsante sana, hiyo ndiyo kazi.

Zile 8: chui wa London alivuliwa taji 1821, kwa hiyo ziko kabla ya hapo. Mwanamume ni George III. M kubwa kwa London ni 1807 kuingia 1808, kwa sababu herufi ilikuwa ikibadilishwa mwezi Mei. WE na WF ni William Eley na William Fearn, mafundi wa vijiko na uma; hao walitengeneza vitu vya kila siku vya wenye nazo, na walivitengeneza vizuri. Mwaka 1808 wakamwongeza William Chawner, ikawa herufi sita. Kwa hiyo zako ni za wawili hao, kabla tu Chawner hajaingia.

Zile 3: malkia ni Victoria. S ya mikunjo ni 1853 kuingia 1854. GA ni George Adams, mwenye ile karakana iliyoitwa Chawner. Ndiyo, ya huyo huyo Chawner, ilipita mkononi mwa mjane wake Mary kabla ya Adams. Kwa hiyo uma zako zilipopungua zilirudi karibu na nyumbani kwao kuongezewa. Uma hupungua: unaingia kwenye ndoo ya mabaki pamoja na maganda, ndoo inakwenda kwa nguruwe.

Hesabu ya pesa. Gramu 770 mara 0.925 ni gramu 712 za fedha tupu. Kesho fungua bei ya fedha ya siku, ya gramu, uzidishe. Halafu ilinganishe na 180. Sitasema neno baya, mwenye duka ana kodi ya pango. Na hiyo ni bei ya chuma tu, kabla hatujamhesabu nyoka wala Eley.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Umesema nyoka ni yule yule kwenye zote 11. Kati ya 1807 na 1853 kuna miaka 46. Wachongaji hawafanani mikono, kama ambavyo hakuna watu wawili wanaoandika "ba" sawa. Nyoka wa 1807 alitakiwa atofautiane na wa 1853 hata kidogo.

Fanya hivi. Osha uma mmoja wa M, ukauke kabisa. Usogeze mdomoni, uupumulie pumzi ya moto taratibu kama unavyofuta miwani, na mara hiyo hiyo uutazame kwa mshazari chini ya taa pale kwenye nyoka. Una sekunde tatu hivi kabla ukungu haujaondoka. Halafu papasa pale kwa kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma. Uniambie pamekuwa pembamba au la. Fanya hivyo hivyo kwa mmoja wa GA.

Kipusa_Mbagala, Jumanne saa 4:40 usiku

Babu unamfanya dada apige ramli ya uma. Mimi sitoki humu leo.

BintiPangani, Jumanne saa 5:15 usiku

Babu.

Mara ya kwanza sikuona. Mara ya pili nikamwita mume wangu ashike taa. Nikapumulia, na chini ya nyoka, kwa kupitia ukungu, zikatokea herufi mbili za mwandiko wa kukunjakunja. Ya kwanza ni T. Ya pili B au R, mkia wa nyoka umeikatiza. Kisha zikapotea. Tumerudia uma zote 8, zipo kwenye zote, nyingine hafifu sana. Na pale ni pembamba kweli, kidole kinaingia kama kwenye kibonde.

Zile 3 za GA hazina chochote. Nyoka tu.

BabuWaMnadani, Jumanne saa 5:30 usiku

Basi ndiyo hiyo. Uma 8 zilitengenezwa kwa mtu aliyetumia herufi zake mbili tu. Hakuwa na kishungi, au hakujali. Labda mwanasheria, labda mfanyabiashara wa sufu wa huko huko kwenu. Zikauzwa. Miaka ya 1850 mtu mwenye nyoka akazinunua mkono wa pili, akapeleka zikakwanguliwa T na mwenzake, akaagiza nyingine za kujazia, akamwambia mchongaji mmoja ampige nyoka kwenye zote kwa siku moja. Wageni wakikaa mezani waone uma za babu yake babu.

Nikuambie kweli, kukwanguliwa kunapunguza bei. Mnunuzi anayejua atapumulia kama ulivyopumulia. Peleka kwenye mnada unaokubali vitu vidogo, waonyeshe mwenyewe kwanza kabla hawajaona, na uulize ada yao kabla hujaacha mzigo. Ule uma uliosuguliwa kwa waya uweke chini kabisa ya sanduku.

Kipusa_Mbagala, Jumanne saa 5:32 usiku

Kumbe lodi naye alivaa mitumba!!!

BintiPangani, Ijumaa saa 2 usiku

Nimezidisha hiyo 712. Nimemwonyesha mume wangu karatasi, hajasema kitu, ametoka nje akarudi.

Tumekubaliana siuzi mwezi huu. Leo nimepika pilau nikaweka uma nne mezani, mbili za T na mbili za GA. Watoto wanapumulia kila dakika chakula kinapoa. Baba yao amekula kwa mkono.

Babu, halafu nimekumbuka: ile sanduku ndani ina mifereji ya kulazia uma, nimeihesabu leo. Ni 24.